Choroko za kuchipua: nitauaje vijidudu vya kwenye mbegu bila dawa?

MamaPendo_Nyakato

Mwangaluka wadau. Naomba msaada, hasa kwa wanaojua habari za vijidudu vya kwenye chakula.

Niko Nyakato, Mwanza. Huu ni mwaka wa pili nachipua choroko nyumbani na kuuza. Nilianza na kilo moja kwa wiki, nikizipelekea familia mbili za mjini ambao huzila na ndimu, kitunguu na pilipili. Ikapanda hadi kilo sita, wateja wengi wakiwa watu wa mazoezi na wenye sukari. Wote nimewaahidi jambo moja: choroko zangu hazina dawa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, mteja alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Mama yake mzee na mtoto wake wa miaka minne walikuwa wameharisha usiku kucha. Wali, samaki na mchicha walikula nyumba nzima. Choroko walikula hao wawili tu. Walitundikiwa maji, siku ya tatu wakaruhusiwa. Hakuna aliyezipima zile choroko, kwa hiyo siwezi kusema ni zenyewe, wala siwezi kuapa kuwa si zenyewe. Nilirudisha hela, nikamwaga beseni zote, na tangu siku ile sijauza hata kikombe.

Nikarudi kwenye gunia. Nilimwaga kilo moja kwenye sinia jeupe karibu na dirisha nikaichambua punje moja moja, kazi ya karibu saa tatu. Ndani ya gunia choroko zote zinang'aa. Kwenye sinia niliona mengine. Kuna zilizopasuka ganda karibu na kile kidoa cheupe cha kitovu, kuna zenye tundu la mdudu jembamba kama la sindano, kuna zilizokunjamana zikabaki nyepesi. Mlikuwa na mchanga, kinyoya kimoja cha kuku, na vipande vinne vya mavi ya panya vilivyokauka, vidogo kiasi kwamba jicho linavipita. Vyote hivyo nilikuwa naviloweka pamoja usiku kucha, halafu nasuuza na kuwapa watu wale vibichi. Niliumia sana pale mezani.

Nimejaribu haya. Jua: nilizianika siku mbili juu ya bati, kipimajoto katikati ya rundo kikafika nyuzi 44, basi. Siki na chumvi: harufu ilibaki, mizizi ikatoka mifupi, na sina uhakika kama kuna kilichokufa. Maji yanayochemka: nilimimina juu yake nikaziacha dakika kumi, haikuota hata moja, siku ya pili zikaanza kunuka.

Klorini siitaki. Nimesoma kwamba Marekani wachipuaji waliwahi kuelekezwa kuloweka mbegu kwenye klorini ya sehemu 20,000 kwa milioni, wakati maji ya kunywa hayatakiwi kuzidi sehemu 5 kwa milioni. Jiko langu ndimo watoto wanamofanyia homework usiku. Siwezi kuwavutisha hewa hiyo.

Halafu kuna jambo la kipimajoto. Nilinunua cha jikoni, nikakitia kwenye maji yanayochemka kabisa, kikaishia 96. Nikakirudisha dukani, nikapewa kingine, nacho 96. Vyote ni vibovu?

Swali langu hasa: kuna joto linaloua vijidudu lakini likaiacha choroko hai? Kama kuna njia nyingine isiyo ya dawa pia naomba nielekezwe. Nina jiko la gesi, sufuria kubwa mbili na friji ya kawaida.

MzeeWaMaabara

Mama Pendo, pole kwa yaliyokupata. Umefanya vema kusimamisha kuuza kwanza ndipo ukauliza. Nilikuwa maabara ya vyakula miaka mingi kabla ya kustaafu, nitakupa ninachokijua.

Vipimajoto vyote viwili ni vizima, mwenye duka hana kosa. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda juu maji huchemka mapema. Dar yanachemka kwenye 100, hapa Mwanza kwenye 96 hivi. Kipime na upande wa pili: bilauri ya barafu iliyopondwa, maji kidogo, koroga, kinatakiwa kisome 0. Kikipatia hizo mbili, kiamini.

Sasa mbegu. Ubaya wa kuchipua ni kwamba yale yanayoifaa mbegu ndiyo yanayomfaa kijidudu: uvuguvugu, unyevu, na sukari inayovuja kwenye mbegu inapofunguka. Salmonella au E. coli, vijidudu vinavyoharisha, chache zilizolala kavu kwenye ufa wa ganda zinaweza kufika mamilioni kwa gramu moja ndani ya siku mbili au tatu za kuota, na choroko yako ikabaki nyeupe, tamu, haina harufu yoyote. Kusuuza hakukomboi, kwa sababu nyingine zinakua ndani ya mmea mchanga wenyewe.

Hili si la nadharia. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai, Japani, maelfu ya wanafunzi waliugua E. coli O157, na kilichoshukiwa zaidi ni figili zilizochipuliwa zilizokuwa kwenye chakula cha shule. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata E. coli O104: karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Wakati watu wanakimbia matango na nyanya, uchunguzi ukaishia kwenye uwatu uliochipuliwa, mbegu zake zikiwa zimeagizwa kutoka Misri. Mbegu ilikuwa kavu ndani ya mfuko, imesafiri bahari nzima, na kijidudu kilikuwa hai.

Joto lipo, na choroko ina bahati kuliko mbegu nyingi kwa sababu inavumilia. Wamelipima: maji ya nyuzi 80 kwa dakika 2 yanapunguza Salmonella na E. coli kwenye choroko zaidi ya mara 100,000, na mbegu inaota. Ukitumia 70 itakubidi dakika 5, ukitumia 60 dakika 10. Mimi ningechagua 80 kwa dakika 2, maana ni kazi fupi na muda wa kukosea ni mdogo. Na joto lina faida moja ambayo klorini haina. Klorini ikikutana na vumbi na uchafu inakwisha nguvu, na ndani ya ufa haifiki vizuri. Joto linapenya ufa.

Uwatu, figili na alfaalfa usizitie huko. Mbegu zile ndogo zinataka kati ya nyuzi 53 na 64, kwa muda usiofika dakika 10, na nafasi kati ya kufa kwa kijidudu na kufa kwa mbegu ni nyembamba mno kwa jiko la nyumbani. Ningekuwa wewe uwatu ningeuacha kabisa.

Mambo matatu yanayowaangusha watu. Kwanza, mbegu nyingi kwenye maji machache: joto linaanguka pale pale. Tia kilo moja kwa lita tano, na maji yaanze juu kidogo ya 80. Pili, mfuko uliojaa: katikati yake panabaki baridi. Tumia mfuko wa wavu, ujae nusu tu, ukoroge muda wote. Tatu ni baada ya hapo. Ukizitoa ziingie papo hapo kwenye maji baridi yaliyochemshwa yakapoa, la sivyo zinaendelea kuiva. Na kuanzia hapo mikono, ndoo, kitambaa, kila kitu kiwe safi kuliko zamani, kwa sababu umeshaondoa hata vijidudu visivyo na madhara vilivyokuwa vikigombania nafasi. Kibaya kikirudi, kinakuta shamba tupu.

Ng'wanaKwimba

Dada, mimi ni mkulima wa choroko na dengu, Kwimba. Nimesoma ile habari ya sinia nikanyamaza kidogo, kwa sababu najua kile kinyoya kilitoka wapi.

Sisi tukishachuma tunaanika juu ya mawe. Unayajua mawe yetu ya huku, makubwa na bapa, yanapata moto tangu saa nne asubuhi. Yanakausha vizuri kuliko turubai. Lakini juu ya jiwe lile lile mijusi wanaota jua, kuku wanafuata wadudu, mbuzi wanapita, na usiku likilowa umande hakuna aliyeliosha. Kisha tunapiga kwa fimbo, na kupiga ndiko kunakopasua ganda. Halafu ghalani kuna panya. Kwa choroko ya kupika hakuna tatizo, inachemka saa nzima. Mkulima hajui kama kuna mtu mjini atakayeila mbichi.

Ushauri wangu ni ununue kwa mkulima kabla haijaingia kwa walanguzi, na umwambie wazi ni ya kuchipua. Mimi nikiambiwa hivyo nitatandika turubai safi, nitazungushia wavu kuku wasiingie, na zile nitakazokuwekea wewe nitazipukuchua kwa mkono, sitapiga. Itakuwa na bei yake, sikufichi. Na jambo kubwa: uliza kama zimetiwa unga wa dawa ya wadudu. Wengi wanatia ghalani, na hiyo haiishi kwa maji ya moto. Mimi natumia mifuko ya kinganjaa, ile inayofungwa hewa isipite, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Vijidudu vya tumbo havifi humo, lakini walau tundu za sindano hutaziona.

BwanaShamba_Magu

Naongezea onyo kwa wanaosoma kimya kimya. Msije mkaenda duka la pembejeo mkanunua mbegu za kupanda mkazichipua kula. Ile rangi ya waridi au ya buluu kwenye mbegu ni dawa, haioshwi ikatoka. Hata isiyo na rangi, soma pakiti.

Nyingine: kuna njia ya maji moto ninayowafundisha wakulima wa bustani, kabichi nyuzi 50 kwa dakika 25, nyanya hivyo hivyo. Hiyo ni kwa magonjwa ya mmea, kama ule uozo mweusi wa kabichi. Haikukusudiwa Salmonella. Naona watu wanaichanganya na hii anayoisema Mzee, na 50 kwa choroko za kula mbichi ni joto la kujidanganya.

Kijana_wa_Igoma

Shikamoo Mzee. Vipi taa zile za mwanga wa urujuanimno (UV)? Zinauzwa mtandaoni, unawasha dakika chache unamaliza. Au mionzi kama ya hospitali?

MzeeWaMaabara

Marahaba. Taa inaua inachokiona tu. Choroko ni duara, ina upande wa chini na ina ufa, na kwenye kivuli kijidudu kimekaa salama. Labda uzigeuze zote huku taa inawaka, na bado ufa utabaki. Usitupe hela.

Mionzi ya gama ni jambo jingine, ile inapenya mbegu yote. Marekani waliiruhusu kwa mbegu za kuchipua mwaka 2000, kipimo kisichozidi kilogrei 8. Haiachi dawa wala haiifanyi mbegu kuwa na mionzi. Ila kipimo kikipanda mbegu nyingi hudumaa, na ni kazi ya kituo maalumu, si ya jikoni. Kuna pia wanaozibana mbegu kwa mgandamizo mkubwa wa maji kwa mashine. Hivyo vyote ni vya viwanda.

Oveni kavu watu huuliza sana, kwa hiyo niseme. Kijidudu kilichokauka ni kigumu kwa joto kuliko kilicholowa. Kwenye hewa kavu ya nyuzi 55 unahesabu siku kadhaa, si dakika. Gesi itakufilisi.

Mama Pendo, moja nililolisahau. Huko kwenye viwanda hawaipimi mbegu peke yake, kwa sababu uchafu uko kwenye punje chache na unaweza kuzikosa. Wanachukua maji yaliyopita kwenye chipukizi, saa 48 baada ya kuanza kuchipua au zaidi, maana maji yale yameosha kila punje, na kama kuna kitu kimeshazaliana vya kutosha kuonekana. Tafuta maabara inayopima vyakula uwaulize bei ya kupima Salmonella na E. coli.

Na hata baada ya yote hayo, mtoto mdogo, mzee, mjamzito na mtu ambaye kinga yake imeshuka wasile mbichi. Hilo usilipunguze kwa ajili ya biashara.

MamaPendo_Nyakato

Wadau, wiki tatu zimepita, narudi na niliyoyafanya. Mzee, Mungu akuzidishie. Barafu ilisoma 0, kipimajoto kizima kabisa. Nimemwomba radhi mwenye duka.

Mara ya kwanza nilikosea vile vile ulivyosema. Maji lita tano kwenye 80 kamili, nikatia kilo mbili kwa kuharakisha. Nikaona namba inaanguka mbele ya macho yangu, 80, 77, 74, ikatulia 72. Nikajua hiyo si dawa tena. Nilizipika tukala.

Mara ya pili kilo moja tu. Nilianzia 85. Zilipoingia yakashuka hadi 80, na nilipozima moto huku nakoroga yakabaki 80 kwa dakika zote mbili, nadhani sufuria nene ilisaidia. Mfuko niliushona kwa kipande cha chandarua kipya ambacho hakijatiwa dawa, nikaujaza nusu. Binti yangu alishika saa ya simu, mimi mwiko. Dakika ya pili ilipofika nikauchomoa, ukaenda kwenye ndoo ya maji niliyoyachemsha jana yake yakalala kwenye friji. Unasikia ule mlio mdogo wa maganda yakijibana. Nilizishika kiganjani, baadhi zimekunjamana kidogo kama ncha za vidole ukikaa muda mrefu kwenye maji, nikadhani nimeziua.

Hazikufa. Nilipanga sahani nne, kila moja punje 100 juu ya kitambaa kilicholowa. Ambazo hazikupita kwenye moto ziliota 96. Za 80 kwa dakika 2 ziliota 93, zikachelewa kama nusu siku hivi, mzizi ukatoka wa kawaida, ladha ile ile. Za dakika 4 ziliota 70, nyingine mzizi wake umepinda. Sahani ya nne ilikuwa ya punje za mwisho wa sinia, zenye ufa na tundu, nazo nilizipitisha 80 kwa dakika 2. Ziliota 31, zilizobaki zikalegea na kutoa utelezi. Kwa hiyo kuchambua sasa si hiari kwangu. Napeta kwenye ungo, kisha namwaga kwenye maji ya chumvi, zinazoelea natoa, kisha sinia jeupe. Kilo moja inakula saa moja na nusu, na hiyo saa nimeiingiza kwenye bei.

Maji ya kusuuza nayachemsha yote. Zamani nilisuuza kwa maji ya bomba na siku yakikatika nilichota ya pipa. Hilo peke yake linanitosha kunikosesha usingizi nikikumbuka mwezi wa nne. Kila beseni ina kikombe chake, haziazimani.

Ng'wana Kwimba, nimekutumia ujumbe, naomba gunia moja la kupukuchua kwa mkono, lisilotiwa unga. Bei yako nimeikubali.

Uwatu nimeacha.

Yule mteja nilimpigia. Nilimweleza yote, hata mavi ya panya, kwa sababu ana haki ya kujua. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Juzi alikuja mwenyewe Nyakato, akakaa jikoni akaangalia ninavyofanya tangu kuchambua hadi maji baridi, akaondoka na nusu kilo. Nilimwambia ya mama yake na ya mtoto asiitoe mbichi: akaange kitunguu na nyanya, atie choroko na maji kidogo, afunike, vichemke hadi mvuke utoke kila upande, ndipo atie ndimu. Maneno hayo nimeyaandika pia kwenye karatasi ninayobandika juu ya kila chombo, na ile ahadi ya "hakuna dawa" nimeiandika chini yake.

Leo saa kumi beseni mbili zitatimiza saa 48. Nimeshachemsha chupa na kifuniko chake, nakinga maji ya suuza, nayaweka kwenye boksi la barafu, kesho asubuhi nayapeleka maabara. Majibu yakitoka nitayaweka hapa, yawe mazuri au mabaya.